Kambi Ziwa Naivasha na watoto: kulala sawa, kuogelea hapana

Dada, umeuliza kama mnaweza kutoka Umoja, hapo Nairobi, Ijumaa, mkapige kambi kando ya Ziwa Naivasha, na watoto waogelee humo badala ya kungoja pesa za kwenda Mombasa. Kambi, nenda hata wikendi hii. Kuogelea ziwani, tafadhali usithubutu.

Ziwa lile lina viboko. Mchana wamezama, juu yamebaki masikio na pua tu, na kwenye mafunjo hata hayo huyaoni. Wavuvi waliokulia pale huuawa nao. Kwa hiyo ukikuta watu wamesimama majini hadi kiunoni pale Kamere au Karagita, usidhani ni salama. Wengi wao wanatafuta riziki. Watoto wakililia maji, chagua kambi yenye bwawa la kuogelea. Ziko kadhaa kwenye barabara ya Moi South Lake.

Usiku viboko hupanda nchi kavu kula nyasi. Ndiyo maana ukipiga simu kuulizia nafasi, anza na hili: kuna waya wa umeme kati ya mahema na maji, na huwashwa saa ngapi? Sisi husimamisha hema mbali na waya, chini ya ile migunga yenye gome la njano, baada ya kuangalia juu kama kuna tawi kavu. Giza likishaingia mtawasikia ng'ambo ya waya waking'oa majani kwa midomo, taratibu, muda mrefu. Wanangu hulala wakiwasikiliza, na kwangu hiyo pekee inatosha safari nzima. Lakini mtoto akitaka kwenda choo, mpeleke mwenyewe na tochi.

Uliza pia maji yamefika wapi sasa. Mwaka 2020 ziwa lilifurika likameza nyumba na viwanja vya kambi, na migunga mingi ikafia majini. Picha ya zamani inaweza kukuonyesha nyasi mahali ambapo leo ni ziwa.

Baridi ya kule haina mchezo, maana ziwa liko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Bebeni magodoro, blanketi nzito na soksi. Chakula kifungieni, tumbiri hawabishi hodi.

Ni kama kilomita 90 kutoka Nairobi. Kwa matatu mtashuka Naivasha mjini, kisha mpande nyingine ya kwenda Kamere au Kongoni. Mkienda na gari kupitia Mai Mahiu, ondokeni mapema. Ule mteremko na malori usiku na watoto siupendi kabisa.

Boti mpande asubuhi, kabla upepo wa mchana haujaanza kuinua mawimbi. Kila mtoto avae jaketi la kuokolea, na ulikague wewe: lifunge, kisha livute juu kwa mabega. Likifika masikioni ni kubwa mno, atachomoka. Mwenye boti akisema ya watoto hana, shukeni, hata kama mmeshalipa.

Hell's Gate iko jirani, na ni kati ya mbuga chache nchini ambazo mtu anaruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli. Baiskeli hukodishwa njiani, kiingilio hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo ya serikali. Mawingu yakitanda, msikaribie korongo, hata kama pale mliposimama pamekauka: mafuriko ya ghafla yaliua watu humo 2012 na tena 2019.

Kama roho yako iko kwenye mchanga hasa, kisiwa cha Takawiri, Ziwa Victoria, kina mchanga mweupe. Ni mbali, inabidi kuvuka kwa boti, na kichocho kipo Victoria, kwa hiyo ulizia hospitalini kabla watoto hawajaingia majini. Kwa wikendi moja kutoka Umoja, mimi ningebaki na Naivasha.