Kupanga chakula cha jioni cha wiki nzima katika nyumba yenye watoto wa kambo

Mama wa kambo anayetaka chakula cha jioni nyumbani kwake kiwe na afya zaidi ana mzigo ambao mzazi wa kuzaa hana, kwa sababu kila anachokiweka mezani husomwa kama ujumbe. Akipunguza mafuta, mtoto anaweza kudhani ananyimwa. Akileta mboga mpya, mtoto hujiuliza moyoni kama chakula cha mama yake kilikuwa na kasoro. Ngano tulizosimuliwa utotoni zimejaa mama wa kambo anayewabania chakula watoto wasio wake, na watoto wetu nao wamezisikia. Mimi ni mama wa kambo wa watoto wawili, msichana wa sekondari ya kutwa na mvulana wa gredi ya tano, na pia nina mtoto mdogo niliyemzaa. Tunaishi mtaa wa Umoja, Nairobi; hao wakubwa huwa nasi siku za shule na mara nyingi huenda kwa mama yao mwisho wa wiki. Baba yao ana presha, kwa hiyo hatukuwa na hiari ya kuacha mapishi yetu yabaki yalivyokuwa.

Ushauri wangu wa kwanza unahusu upakuaji. Katika nyumba nyingi za Nairobi mama hupakua sahani jikoni na kuzileta mezani zikiwa tayari, na katika familia kama yetu jambo hilo huzaa manung'uniko, kwa maana mtoto hutazama kwanza kipande cha nyama kilichoko kwenye sahani ya mwenzake. Weka ugali, mboga na mchuzi mezani, kila kimoja katika chombo chake, kisha kila mtu ajipakulie, mkubwa akimsaidia mdogo. Nyama ikatwe vipande vidogo vidogo na ipikwe pamoja na karoti, njegere, viazi na nyanya, badala ya vipande vikubwa vinavyohesabika. Nusu kilo ya nyama ikipikwa hivyo hutosha familia yetu, mboga huongezeka bila hotuba yoyote, na hakuna anayebaki akilinganisha. Mpango huohuo unaoleta haki ndio unaoleta afya, na kwa sababu hiyo sijaona haja ya kuvitenganisha.

La pili ni kubadilisha kilichomo ndani ya chakula wanachokijua kabla ya kubadilisha chakula chenyewe. Ugali ubaki kuwa ugali, lakini changanya unga wa mahindi na wa wimbi au mtama, ukianza na kiasi kidogo na kuongeza polepole mpaka ufike theluthi moja. Tangu 2012 sheria ya Kenya inawataka wasagaji kuongeza vitamini, madini ya chuma na zinki katika unga wa mahindi wa pakiti, na hilo ni jambo jema, lakini mahindi yaliyokobolewa hubaki yamepoteza sehemu kubwa ya nyuzinyuzi zake, ilhali wimbi lina nyuzinyuzi pamoja na kalsiamu nyingi. Chapati nazo hazina haja ya kuondoka: tumia unga wa atta, ukande kwa malenge yaliyochemshwa na kupondwa, na utaona kwamba zinakuwa laini hata mafuta yakipungua.

Chumvi inahitaji uangalifu zaidi, hasa penye mtu mwenye presha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai, na kiasi hicho kinajumuisha ile iliyofichika katika mkate, soseji na viungo vya mchuzi vya pakiti. Mimi nimeviondoa viungo hivyo kabisa jikoni, na mahali pake nikaweka kitunguu saumu, tangawizi, dania na ndimu. Habari ya chumvi iliwasilishwa kwa watoto na baba yao mwenyewe, akieleza daktari alimwambia nini. Naisisitiza njia hii kwa kila mzazi wa kambo: mabadiliko yanayomhusu mzazi wa kuzaa yatoke kinywani mwake, yasije yakageuka kuwa masharti ya mgeni.

Kupanga wiki yenyewe tunakufanya Jumapili jioni, wote tukiwepo. Kila mtoto ana jioni moja ya kuchagua chakula, kwa masharti mawili tu: kiwe na mboga, na kiwe na protini, iwe ni maharagwe, ndengu, mayai, samaki au nyama. Msichana wetu mara nyingi huchagua ugali kwa omena na sukuma wiki, na siku moja aliniambia, "Anti, kwa mama sukuma hukatwa nyembamba kabisa." Nilimwomba aende mwenyewe kwa mama mboga amwelekeze namna ya kuikata, na tangu hapo sukuma ya nyumba hii ni nyembamba. Sharti langu pekee ni kwamba majani yaoshwe kabla ya kukatwa, kwa kuwa yakioshwa baadaye sehemu ya vitamini huondoka na maji. Omena nayo ni chaguo bora kuliko bei yake inavyoonyesha, kwani huliwa pamoja na mifupa yake na hivyo huwapa watoto kalsiamu.

Jioni zilizobaki hutegemea nafaka na jamii ya kunde. Kila Jumamosi mimi hununua mahindi, maharagwe na ndengu katika soko la Mutindwa, na maharagwe hulala ndani ya maji kabla ya kuchemshwa, jambo linalopunguza gesi ya kupikia inayotumika. Nikishachemsha sufuria kubwa, hugawa mafungu na kuyaweka kwenye friza, ili siku ya kazi, hata nikichelewa kwa msongamano wa Jogoo Road, githeri iwe ni suala la kukaanga kitunguu, nyanya, karoti na hoho. Mahindi na maharagwe hukamilishana kwa protini, kila kimoja kikileta kile ambacho mwenzake ana upungufu nacho, na kwa hiyo sioni kwa nini githeri idharauliwe kuwa chakula cha bweni. Ndengu na maharagwe yana madini ya chuma ambayo mwili hauyapokei kwa urahisi. Kachumbari yenye nyanya na ndimu mezani husaidia, ilhali chai huzuia. Kwetu chai ya jioni ilisogezwa mpaka baada ya watoto kumaliza kazi za shule.

Mboga chungu kama managu na saga zisilazimishwe. Mtoto huweza kuhitaji kukutana na chakula kipya mara kumi au zaidi kabla ya kukikubali, na akilazimishwa na mtu asiye mzazi wake wa kuzaa atakichukia chakula pamoja na mtu huyo. Mimi huchanganya managu na terere, huyapika kwa maziwa kidogo ili uchungu upungue, kisha huyaweka mezani bila kusema neno. Jambo ninalolikataa ni kupika chakula cha pili kwa ajili ya mmoja. Badala yake huhakikisha kwamba kila jioni mezani pana angalau kitu kimoja ambacho kila mtu anakila, na asiyetaka kingine ashibe hicho.

Watoto wakirudi shuleni na njaa, chipsi na smoki za barabarani huharibu mpango wote. Viazi vitamu vilivyochemshwa asubuhi na ndizi mbivu vikiwa mahali wanapoviona huwafikisha chakula cha saa moja na nusu jioni bila shida.

Kabla ya kupanga wiki ya kwanza, ulizeni nyumba ile nyingine ni vyakula gani humdhuru mtoto. Katika familia yetu ni mama yao aliyetueleza kwamba mvulana hutokwa na vipele akila karanga, na tangu hapo mchuzi wa karanga hatuupiki hata wakati hayupo. Namna mnavyokula watoto wakiwa wameondoka nayo inahitaji busara, kwa kuwa mtoto anayerudi Jumapili na kukuta harufu ya pilau au mifupa ya kuku kwenye pipa huelewa kwamba karamu ilingoja aondoke. Siku hizo sisi wakubwa hula managu bila maziwa, samaki wa kuchemsha na vyakula vingine wasivyovipenda, na kuku, ikiwa yupo wiki hiyo, hupikwa Jumapili jioni wakiwa wamekwisha kurudi, kisha mabaki yake huwa mchuzi wa Jumatatu.