Jibu: Mwanangu akaguliwa peke yake mlangoni kwa sababu ni Msomali, azoee tu?

Dada, umesema kijana wako anasoma Nairobi, na kila akiingia kwenye maduka makubwa askari wa mlangoni humtoa kando huku wenzake wa darasani wakipita. Mimi ni Msomali, nimezaliwa na kukulia Eastleigh, mtaa wa Nairobi. Asizoee.

Ukaguzi wenyewe hakuna anayeupinga. Septemba 2013 magaidi walivamia duka kubwa la Westgate, Nairobi, watu 67 wakauawa, na kati ya raia walioingia na bastola kuwaokoa waliokwama alikuwamo Abdul Haji, Msomali, ambaye baadaye akawa seneta wa Garissa. Kinachouma ni kuchaguliwa. Jioni moja tulikuwa foleni na marafiki, askari anapitisha kile kifaa cha kukagua chuma juu juu tu, anasalimia watu. Nilipofika mimi: "Waria, simama kando." Waria ndivyo Wakenya wanavyotuita Wasomali. Akageuza kitambulisho mbele na nyuma. Wilaya ya kuzaliwa imeandikwa Nairobi, bado akaniuliza nimetoka wapi. Wenzangu walikuwa wameshaingia, wananingoja huku wameinamia simu wasinitazame. Baada ya hayo mara kadhaa, kijana huanza kusema "nendeni tu, nina kazi", na hapo ndipo mji unapomponyoka.

Sasa, sheria ya Kenya ya 2016 kuhusu kampuni binafsi za ulinzi inamruhusu askari kuomba kitambulisho, kuandika saa ya kuingia, hata kukishika mpaka utoke. Kwa hiyo kukataa kukitoa hakumsaidii. Lakini Kifungu cha 27 cha Katiba hakiifungi serikali pekee. Kinamkataza mtu yeyote kumbagua mwenzake kwa kabila au dini, na kampuni ya ulinzi imo humo. Akitoe kitambulisho kwa utulivu, aulize: "Mbona mimi peke yangu?" Asimfokee askari, yule anasimama pale kwa muda wa saa kumi na mbili na amri zinatoka juu. Aandike saa, mlango na jina la kampuni lililo kwenye sare.

Kisha barua iende kwa wasimamizi wa jengo, maana wao ndio wanaolipa. Niliyoipelekea kampuni ya ulinzi haikujibiwa. Ya wasimamizi ilijibiwa. Wakinyamaza, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa hupokea malalamiko ya ubaguzi wa kikabila.

Tena azungumze na marafiki zake. Wasitangulie ndani, wamsubiri palepale mlangoni. Askari akiona vijana wanne wamesimama wanatazama, maswali hupungua.