Kuku tunachinja kila wiki, sasa kosa la video ya paka ni lipi?

Mkuu, umeuliza kwa nini Marekani mtu anafungwa kwa video ya kukanyaga kitoto cha paka, wakati kuku tunachinja kila wiki na hakuna anayekamatwa. Mimi ni fundi simu hapa Ngamiani, Tanga, nakujibu kwa niliyoyaona.

Kijana mmoja aliniletea simu iliyopasuka kioo, akataka na mafaili nimhamishie kwenye simu nyingine. Nikafungua video moja nione kama inacheza. Sikuimaliza, ila zile sekunde chache zilinionyesha jambo: hasira haikuwepo. Paka akiiba samaki pale soko la samaki la Deep Sea hurushiwa jiwe na tusi juu yake, yamekwisha. Huyu mkanyagaji wa kwenye video kiatu chake kinang'aa, sakafu imepigwa deki, kamera imetulia kama ya harusini. Sura haionekani, miguu tu. Mtu kajiandaa, maana kuna anayesubiri kutazama.

Jibu lako liko hapo. Anayechinja ananoa kisu ili maumivu yawe mafupi. Kwenye video zile maumivu ndiyo bidhaa, na mnunuzi anayatazama kwa ashiki. Ubongo ukishazoea kufunga raha ya mwili na mateso ya kiumbe, kila akirudia fundo linakaza. Wapo wanaodai mtu wa hivyo lazima atahamia kwa binadamu. Hapo wanazidisha, si wote. Lakini ukatili kwa wanyama na kipigo cha nyumbani hukutwa chini ya paa moja mara nyingi, na FBI, shirika la upelelezi la Marekani, tangu 2016 inauhesabu ukatili huo kwa wanyama peke yake kwenye takwimu za uhalifu.

Kwa nini wakamate video badala ya mkanyagaji? Kwa sababu ya ile miguu isiyo na sura: hujui ni nani, wapi, lini. Ndiyo maana 1999 Marekani ikatunga sheria ya kumshika mtengenezaji na muuzaji. Ila sheria ile ilikuwa kokoro kabisa, wavu unaozoa mpaka vifaranga vya samaki. Aliyenaswa akafika Mahakama ya Juu, Robert Stevens, alikuwa anauza video za mapigano ya mbwa. Na kwa maneno yalivyoandikwa, hata video ya uwindaji halali ingeweza kuwa kosa ikiuzwa mahali uwindaji umekatazwa. Mwaka 2010 majaji 8 kwa 1 wakaifuta. Kabla mwaka haujaisha Bunge likaleta nyavu yenye matundu ya kipimo: lazima video iwe ya ukatili na iwe chafu kimapenzi, kifungo hadi miaka 7. Mwaka 2019 wakaongeza kosa la kitendo chenyewe, kuchinja kwa chakula, kuwinda na kuvua vikaachwa nje.

Kwetu ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, na ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa picha chafu. Nilipouliza kwenye ofisi moja nikajibiwa, "Paka? Sisi tuna kesi za watu hapa." Nikaaga.

Yule kijana alirudi jioni. Nikamwambia kioo tayari, mafaili atafute fundi mwingine. Hakuuliza sababu. Alihesabu hela mara mbili, akaondoka bila kudai chenji yake.