IACP ni kongwe kuliko FBI
Hapana mkuu, wanaosema FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ndiyo iliyoanzisha IACP, chama cha kimataifa cha wakuu wa polisi, wanakosea; hesabu ya miaka tu inakataa. Chama hicho kilizaliwa Chicago mwaka 1893, FBI ikaja 1908, tena bila jina hilo. Enzi hizo jambazi akivunja benki mji huu, akadandia treni hadi jimbo jingine, polisi wa alikotoka wanabaki kutuma picha yake tu. Ndipo wakuu wakakubaliana kukamatiana watu na kurudishiana. Rais wa kwanza wa chama alikuwa William Seavey, mkuu wa polisi wa mji wa Omaha. Neno "International" liliingia kwenye jina 1902.

Nadhani kinachowachanganya wengi ni mafaili ya wahalifu, ambayo baadaye yalikwenda FBI. Chama ndicho kilichofungua ofisi ya utambuzi wa wahalifu 1897, kwa vipimo vya mwili alivyobuni Mfaransa Bertillon: urefu wa mkono, upana wa kichwa, mambo hayo. Alama za vidole zilikuja baadaye, na 1924 kumbukumbu zote zikahamia kwa hao FBI. Takwimu za uhalifu za nchi nzima nazo zilibuniwa na chama, FBI ikakabidhiwa 1930.