Rangi ya nguo: neno limetoka wapi, na kwa nini twasema "kutia"

Ndugu yangu, umeuliza kama "rangi" ni neno letu la asili, na kama nguo hutiwa rangi au hupakwa, maana umesikia watu wakisema yote mawili. Mimi kazi yangu ni batiki, hapa Kisauni, Mombasa. Kabla ya hapo nililelewa na nyanya aliyekuwa akisuka mikeka, kwa hivyo nitakujibu kama mtu wa karai na jiko.

Rangi ni neno la Kiajemi, rang, na lina udugu na ranga ya Kisanskriti. Wahindi na Wagujarati nao husema rang. Duka la nguo la Biashara Street ambalo wazee wake walitoka Gujarati, na mteja aliyetoka Majengo, wote walikuwa na neno hilo mdomoni. Huko India na Uajemi, fundi wa kutia nguo rangi huitwa rangrez. Kiarabu kimetupa maneno chungu nzima lakini hili si lao: wao wana lawn kwa rangi ile ionekanayo kwa macho, na sibgha kwa ile ya kutia. Aliyesoma Sura ya Al-Baqara, aya ya 138, ameshakutana na hiyo sibgha, na shina lake ni kuchovya.

Sisi tumebaki na neno moja linalobeba yote: wekundu wa kanga ni rangi, kopo la kupaka ukutani ni rangi, na unga ule wa kwenye pakiti pia ni rangi. Kiswahili kimeiacha kazi ya kutenganisha kwa kitenzi. Ukuta hupakwa, mlango hupakwa, mashua hupakwa. Nguo, uzi na miyaa ya kusukia mikeka hutiwa. Kupaka kunabaki juu, kutia kunaingia ndani, na ndivyo ilivyo kweli ndani ya karai. Rangi ya ukutani hushikiliwa juu ya ukuta na gundi iliyomo ndani yake. Rangi ya nguo hupenya kwenye uzi. Hizi tunazotumia sana kwenye batiki ya pamba, aina iliyoanza kuuzwa na kampuni ya ICI ya Uingereza mwaka 1956, hushikana na pamba yenyewe kikemia zikawa kitu kimoja. Chumvi tunayoweka huisukuma rangi itoke kwenye maji iingie kwenye uzi. Magadi huyabadilisha maji ili rangi ishikane. Ukiacha magadi, nguo itapendeza sana ikiwa karaini, na ukiisuza rangi yote yateremka na maji.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: anayesema "kupaka nguo rangi" anataja kazi nyingine. Yuko mchoraji anayepaka rangi kwa brashi juu ya kitambaa, na huyo kweli anapaka. Lakini shuka nzima ikizama karaini, imetiwa.

Nyanya hakuwa na haja ya ICI. Unga wa rangi ya miyaa ulinunuliwa dukani, ukatiwa kwenye sufuria ya maji yanayochemka, na miyaa ikageuzwageuzwa humo mpaka ikolee. Kwa wekundu wa kahawia, pwani yetu ilikuwa na magome ya mkoko. Na manjano, yale yale ya Marikiti ya kutia kwenye mchuzi, hukamata pamba upesi kuliko unavyodhani. Kila aliyemwagikia mchuzi kwenye kanzu nyeupe anajua: akipaka sabuni, doa lageuka jekundu. Hiyo ni sabuni inayoyabadilisha manjano, haijaharibu nguo. Suuza vizuri kisha anika juani, kwa sababu jua huyala manjano. Na kwa sababu hiyo hiyo simshauri mtu atie manjano nguo ya kuuza.

Hina ni kinyume chake kidogo: yapenda ngozi, nywele, sufu na hariri. Kwenye pamba huwa hafifu.

Ninayoipenda mimi kuliko zote ni nili. Kaniki za bibi zetu, zile nguo za buluu iliyokolea mpaka kuonekana nyeusi, zilitiwa nili. Nili haiyeyuki kwenye maji. Lazima kwanza ibadilishwe mpaka maji yawe ya kijani-manjano, nguo izamishwe, itolewe, na hapo ndipo hewa inaifanya buluu mbele ya macho yako. Neno lenyewe lilitoka Kisanskriti, likapita Kiarabu kama an-nil, Wareno wakalifanya anil. Wakemia wa Ulaya walipopata dutu moja kwa kuipasha nili moto mkali, wakaiita anilini. Kijana William Perkin, akiwa na miaka 18, alikuwa akifanya majaribio na anilini huko London mwaka 1856 alipoangukia zambarau ya kwanza ya kiwandani iliyouzwa duniani. Rangi nyingi za pakiti ni uzao wa kazi ile, na jina la anilini limetoka kwenye nili ile ile tunayoitaja sisi.

Kanga nayo ina kitenzi chake: hupigwa chapa. Igeuze uone, upande wa ndani mara nyingi umefifia kuliko wa nje, mji na pindo vyote. Kikoi hakina hilo kwa sababu nyuzi zake hutiwa rangi kabla ya kufumwa.

Umeuliza pia mbona nguo yako ya batiki yachuja ilhali fundi aliapa haichuji. Kuchuja ni rangi ambayo haikushikana na uzi, ikabaki imekaa tu. Hwenda fundi alipunguza magadi, au hakuiacha nguo muda wa kutosha, au hakuisuza mpaka maji yakawa meupe. Ukienda kununua nyingine, chukua kitambaa cheupe, kiloweshe, usugue pembeni mwa nguo. Kikitoka na rangi, mwambie fundi airudishe kwenye maji.