Chekechea iwe lazima nchi nzima? Mbona tayari ni lazima

Mleta uzi anauliza kama serikali iifanye elimu ya awali kuwa lazima nchi nzima, na mzazi asiyempeleka mtoto atozwe faini. Wengi mmejibu "ndiyo" chap chap. Mimi nimefundisha darasa la awali kijijini huko Simiyu kabla ya kuhamia mjini, naomba nitie neno.

Mkuu, lazima ipo siku nyingi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania ya 2014 ilishaandika kuwa elimu ya awali ni ya lazima kwa watoto wa miaka 3 hadi 5, kwa kipindi kisichopungua mwaka mmoja. Ukaja Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, ada na michango ya lazima vikafutwa, na Januari 2016 wazazi wakaitikia kweli kweli. Kiwango ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Darasani kwangu walizidi mia, wa miaka mitatu na wa saba kwenye mkeka mmoja, nusu yao hawasikii Kiswahili, Kisukuma tu. Unagawa vizibo vya soda vya kuhesabia. Hujafika mstari wa nyuma, wa mbele wameshaviweka mdomoni. Na mwalimu wa awali ni nani? Shule nyingi humpanga huko anayekaribia kustaafu au aliyetoka likizo ya uzazi, kama vile ni sehemu ya kupumzikia. Waliosomea kufundisha watoto hao ni wa kutafuta kwa tochi.

Sasa hiyo faini. Kuna mwaka mtendaji wa kijiji aliwaita wazazi ambao watoto wao hawaonekani. Bibi mmoja anayelea mjukuu alisimama, akatuamkia wote kwa adabu, akasema: "Mwanangu mwalimu, shule siikatai. Mvua ikinyesha, huyu nani atamvusha pale mtoni?" Mtendaji akafunga daftari. Angemjibu nini? Kutoka kitongoji kile hadi shuleni, mtu mzima mwenyewe anafika ametota jasho.

Kilichowaleta watoto wa kitongoji kile ni banda. Wazee walikaa, wakachanga miti na nyasi, wakamchukua binti aliyemaliza kidato cha nne, wakawa wanamlipa kidogo kidogo, mwezi mwingine kwa mahindi. Ndiyo hizo tunazoita shule shikizi. Hakuna aliyetishwa, na watoto walijaa. Serikali nayo ililiona hilo: mwaka 2021, sehemu ya fedha za mkopo wa kukabiliana na UVIKO (korona) ilitengewa madarasa 3,000 ya shule shikizi. Kwa maoni yangu madarasa yale yamesaidia elimu ya awali kuliko barua zote za mtendaji.

La pili linalomleta mtoto ni uji wa shuleni. Mchango wake ni wa hiari, sawa, lakini mtoto ambaye kwao hawakuleta mahindi anasimama pembeni na kikombe kitupu akiwatazama wenzake. Keshokutwa haji. Mkipitisha faini, wa kwanza kuitwa ni baba wa mtoto huyo huyo. Ameshindwa kilo chache za mahindi, faini ya, tuseme, elfu hamsini ataitoa wapi?

Kwa hiyo mimi siipingi lazima. Naipinga lazima inayombana mzazi peke yake. Iandikwe kwamba halmashauri ina wajibu wa kuweka darasa pale mtoto wa miaka mitano anapoweza kutembea mwenyewe, mwalimu aliyesomea awali, na chakula. Halmashauri ikishindwa, ihojiwe kabla ya yule bibi. Jirani zetu Kenya, Katiba yao ya 2010 iliwapa kaunti elimu ya awali, na watoto wanasoma PP1 na PP2, yaani miaka miwili ya awali, kabla ya darasa la kwanza. Walimu wao wanalalamikia mishahara kila kukicha, lakini angalau mwananchi anajua mlango wa kugonga: kwa gavana.

Kuhusu aliyesema watu wa mjini wameshamaliza tatizo hili kwa shule za Inglishi Midiamu, huko mtoto wa miaka mitano anafanyishwa intavyuu. Huo ni uzi mwingine.

Wenye nia ya kujua hali ya shule iliyo karibu nanyi, msiende Januari siku za kuandikisha. Nendeni mwezi wa tatu, masika yakiwa yamekolea, saa nne asubuhi. Ulizeni kama uji umepikwa, waliobaki darasani ni wangapi, na mwalimu wao alisomea nini.