Ukitaka kuitazama Fringe, usiianze katikati

Mara ya kwanza niliianza Fringe, ile tamthilia ya Kimarekani ya runinga, msimu wa tatu. Kijana wa banda la muvi alinijazia kwenye fleshi alichokuwa nacho, nami sikuuliza. Usiku ule nikakutana na akina Olivia Dunham wawili, kila mmoja anaishi maisha ya mwenzake, na mzee mmoja, Walter Bishop, ambaye upande huu ni mwanasayansi anayesahau majina ya watu na upande wa pili ni Waziri wa Ulinzi. Nikavumilia sehemu mbili, nikafuta. Karibu miaka miwili nikawa nawaambia watu kwamba sizoni hiyo haina kichwa wala miguu. Kuna walionisikiliza wakaiacha, na hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo anza mwanzo kabisa, kwenye ndege inayotoka Hamburg kwenda Boston na kutua ikiwa imejaa maiti. Olivia, ofisa wa FBI, anagundua kwamba mtu wa kumsaidia ni Walter, lakini Walter amefungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili kwa miaka 17 na anayeweza kumtoa ni ndugu wa damu tu. Anamfuata mwanawe, Peter, hadi Baghdad. Watatu hao wanaingia kwenye maabara ya zamani chini ya jengo la Harvard, wanaongezewa ng'ombe anayeitwa Gene, na kazi inaanza.

Wengi huchoka hapo. Sehemu nyingi za msimu wa kwanza zinajitegemea: tukio la ajabu, uchunguzi, jibu, kwisha. Ukizitazama kwa ajili ya matukio tu utasinzia, nakubali. Ushauri wangu ni umtazame Walter. Msaidizi wake, Astrid, Walter humwita kila siku jina jipya, lakini jina la mwanawe hajalisahau. Angalia anavyomkodolea macho Peter wakati Peter hana habari. Nilidhani ni ugonjwa wake. Sivyo, na msimu wa kwanza unapofika mwisho utajua kwa nini nakwambia usiruke kitu.

Mambo mawili yatakusaidia njiani. Rangi ya maandishi ya mwanzo si pambo: ya bluu ina maana tuko ulimwengu wetu, nyekundu tuko ule mwingine, ulimwengu sambamba wenye watu kama wetu. Na msimu wa pili, sehemu ya 11, inayoitwa Unearthed, utamwona Charlie Francis, mwenzake Olivia wa FBI, yuko kazini kama kawaida ilhali alishakufa. Nilipoteza usiku mzima nikijenga nadharia kwamba ni Charlie wa ulimwengu sambamba. Kumbe sehemu hiyo ilipigwa pamoja na za msimu wa kwanza, ikaja kurushwa Januari 2010. Itazame mapema pamoja na za msimu wa kwanza, au iache.

Na watoto wakiwa karibu, waambie wamtafute yule mwenye upara, suti na kofia anayepita nyuma ya watu. Yumo karibu kila sehemu. Mpwa wangu alikuwa akimwona kabla yangu.

Sasa nafichua siri, asiyetaka aishie hapa.

Mama yangu alizika mtoto kabla mimi sijazaliwa. Ndiye niliyeirudia naye Fringe, jioni baada ya chakula, nikimtafsiria. Mwisho wa msimu wa kwanza Walter anasimama makaburini mbele ya jiwe lenye jina la Peter Bishop, 1978 hadi 1985. Mama akaniambia nirudishe nyuma, akalisoma tena. Msimu wa pili, sehemu ya 16, ndiyo inayoeleza: mtoto wa Walter alifariki, lakini kupitia dirisha alilolitengeneza mwenyewe akawa anamwona Peter wa upande wa pili, naye anaumwa ugonjwa uleule. Akavuka mwaka 1985, juu ya ziwa lililoganda, amebeba dawa. Chupa ikapasuka. Ikabidi amchukue mtoto mwenyewe aje kumtibu huku, kwa nia ya kumrudisha. Hakumrudisha. Nyufa zote zinazozitafuna zile dunia mbili zinaanzia usiku huo.

Mimi machozi yalikuwa yananitoka kwa ajili ya Walter. Mama alikuwa amenyamaza muda mrefu, mikono magotini. Halafu akauliza:

"Na yule mama wa kule, aliyeibiwa mwanawe, nani alikwenda kumwambia?"

Nilikuwa sijamfikiria kabisa. Ndiyo maana nakusihi usiitazame peke yako, na ukiweza, mtafute mtu aliyekuzidi umri. Misimu ni mitano na sehemu ni 100, mna muda wa kuzungumza. Sisi kuanzia jioni ile tulikuwa tukizima runinga na kubaki sebuleni, na hapo ndipo Mama alipoanza kunisimulia habari za kaka yangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Yule mama tulimfikia mwisho wa msimu wa pili. Peter mtu mzima yuko mbele yake. Nikafungua kinywa nianze kutafsiri, Mama akanishika mkono.

"Hapa niache," akasema. "Hapa naelewa."